Hewa ya Mtwara Inapimwaje, na Namba ya Kwenye Simu Inatuambia Nini

Mtu wa Mtwara mjini akifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, chini ya joto na mwendo wa upepo atakuta mstari mwingine: ubora wa hewa, namba moja na rangi yake. Rangi ikiwa ya kijani anaridhika, anafunga simu. Dakika hiyohiyo, nyumba ya tatu kutoka kwake, mama ameinama mbele ya mafiga anapuliza kuni za mkorosho ambazo hazijakauka vizuri, mtoto mgongoni, macho yote mawili yanachuruzika. Namba ile haimhusu mama yule wala mtoto wake. Si ya uongo, ila imetoka kwingine, kwa njia nyingine, na haikuwahi kuingia jikoni.

Huku Kusini tumezoea kusema hewa chafu ni shida ya Dar es Salaam, shida ya foleni na daladala. Sisi tuna bahari, tuna kusi inayovuma miezi kadhaa ya mwaka. Upepo wa bahari unatusaidia kweli, sibishi. Lakini watu wa Mtwara na Lindi wanavuta moshi wa kuni na mkaa kila siku, wanavuta unga wa salfa kila msimu wa kupulizia mikorosho, wanavuta vumbi la barabara na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua. Kila kimoja kina tabia yake, kinapimwa kivyake na kinaumiza kivyake. Ukivifunga vyote kapu moja ukaviita "hewa chafu", hujui pa kuanzia kujikinga. Kwa hiyo tuifungue ile namba polepole.

Kinachopimwa

Uchafu wa hewani ni wa aina mbili, gesi na chembe. Kwenye gesi kuna kaboni monoksidi inayotoka kwenye moto usioungua sawasawa, naitrojeni dioksidi ya injini na moto mkali, salfa dioksidi ya makaa ya mawe na mafuta yenye salfa, na ozoni inayoundwa pale jua linapozipiga gesi nyingine. Chembe ni masizi, majivu, vumbi, chumvi ya bahari, poleni. Wanaochunguza afya hutazama chembe kwanza, na huzipanga kwa ukubwa. PM10 ni chembe zenye kipenyo cha maikromita 10 kushuka chini. PM2.5 ni za maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una upana wa maikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo hata chembe kubwa kabisa za PM2.5 zinahitaji kupangwa 20 au zaidi ndipo zifikie upana wa unywele mmoja.

Ukubwa ndio unaoamua chembe itaishia wapi mwilini. Pua na koo hufanya kazi kama chekeche: punje kubwa zinanasa, tunapiga chafya, tunakohoa, tunapenga kamasi nyeusi. Zilizo ndogo kidogo zinafika kwenye njia za hewa. Zile za PM2.5 zinapita mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale damu inapochukua oksijeni, na huko hakuna kamasi wala kikohozi cha kuzirudisha. Hapa watu wengi hukosea. Wingu jekundu linaloachwa na lori kwenye barabara ya vumbi linatisha kwa macho, na linaudhi, na kwa mwenye pumu ni balaa. Lakini sehemu kubwa ya uzito wa wingu lile ni punje kubwa. Moshi wa kuni ni kinyume chake: karibu wote ni chembe ndogo mno. Vumbi linalochafua shati si lazima ndilo linalofika kwenye damu.

Kipimo chenyewe ni uzito: maikrogramu ngapi za chembe ziko katika mita 1 ya ujazo ya hewa. Maikrogramu ni sehemu 1 ya milioni ya gramu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishusha viwango vyake. Wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi maikrogramu 5, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Viwango vya mwaka 2005 vilikuwa 10 na 25. Vilishushwa kwa sababu tafiti zilizidi kuonyesha madhara hata kwenye hewa ambayo zamani ilihesabiwa kuwa safi, na mpaka leo hakuna kiwango cha PM2.5 kilichothibitishwa kwamba hakidhuru kabisa.

Alama si maikrogramu

Namba ya kwenye simu kwa kawaida si maikrogramu hizo. Ni alama ya AQI, yaani kielezo cha ubora wa hewa, na mfumo unaotumika zaidi ni wa Marekani, unaokwenda kuanzia 0 hadi 500. Alama 0 hadi 50 ni kijani, 51 hadi 100 njano, 101 hadi 150 rangi ya chungwa, yaani tahadhari kwa watoto, wazee na wagonjwa. Kuanzia 151 ni nyekundu, kisha zambarau, na juu kabisa ni rangi ya damu ya mzee. Mwaka 2024 Marekani ilibadilisha mipaka ya PM2.5: kijani sasa kinaishia kwenye maikrogramu 9, ambapo awali kilifika 12.

Tufanye hesabu kwa mipaka hiyo mipya. Maikrogramu 20 zinakuwa alama 71 hivi. Kwa hiyo mmoja akisema hewa ya leo ni 71 na mwenzake akisema ni 20, hawajapingana. Jambo zito zaidi ni hili: maikrogramu 35 zinatoa alama 99. Bado ni njano, bado programu inaandika "wastani", na huku hewa hiyo imeshapita mara 2 kiwango cha saa 24 cha WHO. Nchi nyingine zina mifumo yao kabisa. Uingereza inatumia alama za 1 hadi 10. Ukionyeshwa namba ya hewa, uliza kwanza ni alama au ni maikrogramu, na kama ni alama, ni za mfumo wa nani.

Namba inatoka wapi

Njia ya kuaminika kuliko zote ni ya kizamani na ya subira. Pampu inavuta hewa lita 16.7 kwa dakika, inaipitisha kwanza kwenye kichwa kinachotupa nje punje kubwa, kisha kwenye kichungi cheupe. Baada ya saa 24 zimepita mita za ujazo 24. Kichungi kilipimwa uzito kabla, kinapimwa tena baada, na tofauti inagawanywa kwa 24. Hewa ikiwa kwenye kiwango cha WHO cha 15, kichungi kitakuwa kimeongezeka miligramu 0.36 tu. Ndiyo maana mizani yake inakaa kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, maana jasho la kidole tu linaharibu hesabu yote. Zipo mashine zinazofanya kazi hiyohiyo saa kwa saa kwa kupitisha mionzi ya beta kwenye utepe wa kichungi, lakini bei yake ni kubwa na zinataka umeme wa uhakika na fundi.

Kwa sababu hiyo dunia imeingia kwenye vihisi vya bei nafuu, vidogo vya kukaa kiganjani. Ndani yake kuna feni ndogo na mwali wa leza. Chembe ikipita inatawanya mwanga, kihisi kinahesabu mimweko, kinakisia ukubwa, kisha kinakisia uzito. Naomba neno "kinakisia" lisipite hivihivi, kwa sababu kwetu makisio hayo yanaweza kwenda kombo kwa namna mbili zinazovutana.

Ya kwanza ni unyevu. Pwani yetu alfajiri ina unyevunyevu mwingi, na hewani kuna chumvi ya bahari. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi inanyonya maji na kuvimba. Leza haijui maji wala chumvi. Inaona punje kubwa na kuandika uchafu mwingi. Kihisi kilichofungwa Shangani, mtaa wetu wa Mtwara ulio pwani, kinaweza kulalamika alfajiri kwa sababu ya ukungu tu. Ya pili ni punje kubwa. Feni yake dhaifu haivuti vizuri vumbi zito, kwa hiyo vumbi la barabara, la saruji au la makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayopitia bandari ya Mtwara linaweza kuwa jingi na kihisi kisilione. Kifaa kimoja kinaweza kukutisha bure saa kumi na moja asubuhi na kukutuliza bure saa nane mchana.

Dawa yake inajulikana. Kihisi hukaa kwanza kando ya mashine ya kuaminika, namba zao zinalinganishwa, kisha inatengenezwa kanuni ya kusahihisha inayozingatia unyevu na joto. Chuo Kikuu cha Makerere huko Uganda, kupitia mradi wao wa AirQo ulioanza mwaka 2015, wametengeneza vifaa kwa kufikiria mazingira ya miji ya Afrika, pamoja na vumbi lake, joto lake na umeme wake unaokatika.

Ila pale ambapo hakuna kifaa jirani, namba ya kwenye simu inatoka angani na kwenye kompyuta. Setilaiti inatazama jinsi safu nzima ya hewa inavyozuia mwanga, kutoka ardhini hadi juu, na haiwezi kuona penye mawingu. Taarifa zake zinaunganishwa na kielelezo cha kompyuta cha upepo, moto wa mapori na viwanda. Kielelezo cha dunia nzima cha Ulaya, ambacho programu nyingi hukitegemea, kinagawa dunia katika miraba ya kilometa 40 hivi kila upande. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza Mtwara mjini, Mikindani, Naliendele na kipande kikubwa cha bahari, kisha ukatoa namba moja kwa wote. Kujua kama moshi wa mapori yanayoungua mbali utatufikia, kielelezo hicho ni kizuri sana. Cha jikoni kwako hakijui.

Jikoni

Hapa ndipo penye uzito wa makala yote hii. WHO linasema moshi katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri unaweza kufikisha chembe ndogo mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Jiko la kuni lina wastani wa maikrogramu 600 kwa saa 3 za kupika, na saa 21 zilizobaki hewa ni nzuri kiasi, maikrogramu 20. Wastani wa siku ni 92.5. Mtu mzima anavuta takriban lita 11,000 za hewa kwa siku, na mtoto, kwa kila kilo ya mwili wake, anavuta zaidi ya mtu mzima.

Sasa weka kihisi barazani kwa baba anayepumzika na weka kingine alipo mama. Nyumba ni moja, hewa ni mbili. Tena ndani ya jikoni lenyewe kuna tofauti: juu kwenye makuti moshi ni mzito kuliko karibu na sakafu, mlangoni ni tofauti na nyuma ya chungu. Anayepima jikoni anatakiwa aweke kifaa usawa wa pua ya mpishi, kando kidogo ya moto na si juu ya mvuke wa chungu, maana mvuke nao leza inauhesabu kuwa uchafu. Cha maana zaidi ni kifaa kinachovaliwa na mtu mwenyewe, kinachomfuata kutoka kisimani hadi jikoni hadi kitandani.

Bibi zetu watakuambia moshi una faida, na hawakosei. Makuti yaliyokolea masizi hayaliwi upesi na wadudu, na mahindi yaliyotundikwa juu ya meko hayatobolewi. Mtu anayekuja kuhubiri dhidi ya moshi bila kulijua hilo hatasikilizwa. Kinachowezekana ni kuitenga kazi ya moshi na pumzi ya watu, kwa mfano kukausha mbegu kwenye banda la pekee lisilo na mtoto ndani.

Aina ya kinachochomwa nayo ina neno. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi kwa sababu moto unamaliza nguvu zake kukausha maji kwanza. Makumbi ya nazi yanafuka kuliko kuwaka. Vifuu vikavu vinawaka vizuri zaidi. Plastiki ya kuwashia moto ni sumu ya aina nyingine kabisa na isingefaa kuingia kwenye meko. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake unachoma macho na koo. Akina mama wanaobangua korosho kwa kukaanga kwenye karai wanaujua moshi ule kuliko mtafiti yeyote, na bado mara nyingi wanakaa upande uleule moshi unakoelekea, kwa sababu kivuli kiko huko.

Mkaa unastahili onyo lake peke yake. Watu wanausifu kwamba hauna moshi, na ni kweli una chembe chache kuliko kuni. Lakini mkaa unatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Ikiingia kwenye damu inashikana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na mwili unakosa pumzi huku mapafu yanapanda na kushuka kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi. Anayeingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi kule Newala, akafunga madirisha, anaweza asiamke. Ukikuta watu wawili au zaidi chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja na jiko liko ndani, watoe nje kwanza, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Barakoa ya aina yoyote haizuii gesi hiyo, na kihisi cha leza hakiioni kabisa.

Salfa ya mikorosho

Kati ya Juni na Agosti, mikorosho inapochipua maua, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, unaingia, na wakulima wanapuliza salfa. Kazi inafanywa alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Kijana anabeba mashine mgongoni, anapita mstari kwa mstari, na wingu la manjano linapanda kwenye matawi na kushuka taratibu. Wengi wanajifunga kipande cha kanga puani. Macho wanayaacha wazi kwa sababu lazima waone.

Utulivu uleule wa alfajiri unaoufanya unga ushike kwenye ua ndio unaoufanya usiondoke kijijini. Usiku wa kiangazi ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na hewa baridi ni nzito, haipandi. Kinachotolewa karibu na ardhi kinabaki karibu na ardhi mpaka jua lipashe joto, saa mbili au tatu asubuhi. Ndiyo saa ambayo meko yanawashwa kwa chai na watoto wanaelekea shule, wakipita katikati ya mashamba.

Salfa hii isichanganywe na salfa dioksidi. Ya mashambani ni unga wa salfa yenyewe, punje nyingi zikiwa kubwa kuliko PM2.5, kwa hiyo madhara ya haraka ni macho kuwasha, koo kukereketa, ngozi kuchubuka, kikohozi. Ikichomwa moto ndipo inageuka salfa dioksidi, gesi inayobana mapafu ya mwenye pumu kwa dakika chache tu. Basi mifuko mitupu ya salfa isitupwe kwenye meko wala kwenye moto wa takataka. Kuhusu unga wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika bonde la Salinas, jimbo la California, uliwaangalia watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopulizwa salfa. Pale ilipotumika zaidi ndani ya kilometa 1 kutoka nyumbani, watoto walikuwa na dalili nyingi zaidi za kupumua kwa shida na mapafu yenye nguvu ndogo. Huo ni uhusiano, haujathibitisha sababu, lakini kwa wilaya kama Tandahimba, ambako nyumba na mikorosho vimeshikana, unatosha kutufanya tuwe makini.

Tahadhari zake hazina gharama kubwa. Miwani iliyofunga pembeni. Barakoa ya N95, yaani ya kuchuja chembe ndogo, au inayofanana nayo, iliyobana uso bila mwanya; kanga na barakoa ya kitambaa vinazuia punje kubwa kiasi fulani, chembe ndogo zinapita. Nguo za kazi zivuliwe nje na kufuliwa peke yake. Na majirani waambiwe tangu jana yake ni shamba lipi litapulizwa, ili kisima kifunikwe, nguo zianuliwe na mwenye pumu alale kwa ndugu upande wa pili.

Mwilini

Watu wanatarajia hewa chafu iue kwa mapafu. Sehemu kubwa ya vifo vyake ni vya moyo na kiharusi. Chembe zikifika kwenye vifuko vya mapafu, seli za ulinzi zinazimeza na kutoa kemikali za kuita msaada. Uvimbe ule haubaki mapafuni. Unaingia kwenye mzunguko wa damu, mishipa inakakamaa, damu inaganda kwa urahisi zaidi, shinikizo linapanda. Kwa mujibu wa WHO, hewa chafu ya nje na ya majumbani kwa pamoja inahusishwa na vifo milioni 6.7 vya kabla ya wakati kila mwaka duniani. Kwa ya majumbani peke yake, ambayo ilikuwa milioni 3.2 kwa hesabu ya mwaka 2020, magonjwa ya moyo na kiharusi ni zaidi ya nusu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, shirika hilo linahesabu kwamba moshi wa nyumbani unahusika na asilimia 44 ya vifo vya nimonia. Kwa akina mama wanaopika na kuni miaka mingi kuna mtoto wa jicho, kikohozi kisichopona, na mimba zinazotoa watoto wenye uzito mdogo. Mwaka 2013 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Haya yanajulikanaje, wakati cheti cha kifo hakiandiki "hewa"? Yanajulikana kwa kufuatilia watu wengi muda mrefu. Utafiti maarufu wa miji 6 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa tofauti za sigara, umri, unene na elimu, vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote, Steubenville, vilikuwa asilimia 26 zaidi ya Portage, mji wenye hewa safi kuliko yote. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema "babu yangu alikufa kwa PM2.5". Kwa umati hesabu inaonekana.

Basi tukibadilisha jiko, nimonia itaondoka? Jibu la kweli linauma. Jirani zetu wa Malawi walifanya jaribio kubwa kwenye zaidi ya nyumba 8,000, matokeo yakatoka mwaka 2017: majiko yaliyoboreshwa ya kuni hayakupunguza nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Jaribio jingine la gesi ya mitungi katika nyumba 3,200 za Guatemala, India, Peru na Rwanda lilipunguza sana moshi ambao wanawake walivuta, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema moshi hauna neno. Mimi sikubaliani nao. Jiko lililopunguza moshi kwa nusu kutoka maikrogramu 300 limekuacha na 150, bado mara 10 ya kiwango cha siku. Jirani akichoma takataka na watu wanne wa upande ule wakipika na kuni, gesi yako inapika ndani ya moshi wao. Halafu watu hawaachi jiko la zamani. Maharage yanachemshwa kwa kuni, chai kwa gesi. Na majaribio ya mwaka mmoja au miwili hayawezi kupima moyo unaochakaa kwa miaka 30. Ninachokisoma mimi ni kwamba nusu hatua haitoshi, na nyumba moja haitoshi. Kitongoji kizima kinapaswa kuhama pamoja.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay na Songosongo, yaani kwetu, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Baadhi ya nyumba za Mtwara zimeunganishwa. Naandika hili kwa uchungu: vijiji vilivyo karibu na visima vile vingestahili kuwa vya kwanza, na nyumba nyingi huko bado zinapika kwa kuni na mkaa.

Mpaka gesi ifike, yapo ya kufanya mwezi huu. Kuni zipasuliwe ndogo na zikauke juani kabla ya masika. Chumba cha kupikia kitoboliwe matundu pande mbili zinazotazamana, moja juu karibu na paa, ili upepo wa bahari uupitishe moshi. Kupikwe nje pale mvua inaporuhusu. Maharage yalowekwe tangu usiku, yapunguze saa za moto. Mtoto mchanga akae kwa dada yake barazani wakati moto unawashwa, kwa kuwa dakika za kuwasha ndizo zenye moshi mbaya kuliko zote.

Na tupimwe. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na kanuni bila vifaa haiwezi kumlinda mtu. Vifaa vikija Kusini visifungwe kwenye maghorofa ya mjini pekee. Kimoja kiwe kwenye zahanati ya kijiji cha korosho mwezi Julai, kimoja kando ya barabara ya malori, na vichache vivaliwe na akina mama kuanzia wanapoamka mpaka wanapolala. Kabla ya yote hayo vikae wiki kadhaa kando ya mashine ya kichungi, tujue unyevu wa alfajiri unavidanganya kwa kiasi gani na vumbi la mchana linavipita kiasi gani, ndipo namba zao zianze kutolewa kwa watu.